Darasa linapojibu "tumeelewa" kwa sauti moja

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi katika madarasa ya kidato cha kwanza nchini Tanzania halina jibu ambalo mwalimu anaweza kulifanyia kazi. Mwalimu anamaliza mfano ubaoni, anageuka, anauliza, "Tumeelewana?" na wanafunzi 80 au 90 wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Itikio hilo ni la adabu, na pengine ni la kweli kwa wale waliokaa mbele, lakini halimwonyeshi mwalimu nani ameelewa nini. Nafundisha Hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata, na kadiri ninavyofundisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mbinu za kufundishia rika hili, ziwe zile zenye majina makubwa au zile ambazo walimu wanarithishana katika ofisi ya walimu bila kuzipa jina, zote zinapimwa kwa kipimo kimoja: je, kabla kengele haijagongwa, mwalimu amejua wanafunzi wake wanafikiri nini kuhusu jambo alilofundisha?

Rika lenyewe linadai kipimo hicho. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili ana umri wa miaka 13 hadi 16 hivi, umri ambao maoni ya wenzake yana uzito kuliko alama. Alipokuwa darasa la tatu alinyoosha mkono hata kabla swali halijaisha. Sasa mkono huo umekuwa mzito, kwa sababu anajua kwamba akikosea, kicheko cha wenzake kitamfuata hadi uwanjani. Wakati huohuo ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili na ameingia mahali ambapo karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Aliokaa nao dawati moja wametoka shule nyingine za msingi za kata hiyohiyo: huyu aliimaliza mada ya sehemu vizuri, na yule mwalimu wake wa Hisabati alihamishwa katikati ya mwaka na hakuja mwingine. Kwa nje wote wamevaa sare moja na wote wamefaulu mtihani wa darasa la saba, ndiyo maana ni rahisi kuwafundisha kana kwamba wote wanajua mambo yaleyale.

Tena ni wengi. Wazee wetu waliosoma enzi za ukoloni walikuwa na shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na waliofika huko walikuwa wachache mno. Sisi tumejenga shule za sekondari za kata karibu kila mahali, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 mikondo imejaa. Hilo ni jambo jema, nami sina subira na mwalimu anayetamani enzi za wanafunzi 35 darasani huku akijua kwamba 55 waliobaki nje walikuwa watoto wa majirani zake. Hata hivyo wingi huo unabadilisha kazi. Katika darasa la wanafunzi 35 mwalimu anaweza kupita kati ya madawati na kuona daftari la kila mmoja. Katika darasa la wanafunzi 90, lenye madawati yaliyobanana hadi ukutani, asipopanga mapema namna ya kuona mawazo ya wanafunzi wake, hatayaona mpaka siku ya mtihani.

Wanaotafiti ufundishaji wamelisema jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia mamia ya machapisho kuhusu upimaji darasani, wakahitimisha kwamba wanafunzi hupanda sana pale mwalimu anapotumia majibu yao kubadilisha kile anachofanya baadaye, na kwamba wanaonufaika zaidi mara nyingi ni wale waliokuwa nyuma. Sisi nasi tuna upimaji endelevu katika mitaala yetu, lakini katika shule nyingi neno hilo limekuja kumaanisha kujaza alama kwenye fomu. Mwanafunzi anapata 34 katika jaribio la mwezi, alama inaandikwa, mada inayofuata inaanza. Hakuna kilichobadilika katika ufundishaji kwa sababu ya hiyo 34, na kwa maana hiyo hakuna upimaji uliofanyika, hata kama fomu imejaa.

Kwa hiyo naanza na swali lenyewe, kwa kuwa swali zuri ni gumu kutunga kuliko andalio zima la somo. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake lisilo sahihi linaeleza jambo. Chukua mfano huu wa kidato cha kwanza: namba ipi ni kubwa, 0.15 au 0.9? Wanafunzi wengi huchagua 0.15, wala si kwa uzembe. Wameisoma desimali kama namba kamili iliyowekewa nukta mbele, na kwa kuwa 15 ni kubwa kuliko 9, basi jibu kwao liko wazi. Vitabu vya zamani vilitegemea shilingi na senti kulifafanua jambo hili, lakini mtoto wa leo hajawahi kununua kitu kwa senti, hivyo mfano huo haumgusi. Kinachomgusa ni futi ya fundi cherehani: mita 0.9 ya kitambaa ni sentimita 90, na mita 0.15 ni sentimita 15, kipande kisichotosha hata kola na mifuko. Mwalimu aliyeuliza tu "Tumeelewa desimali?" hatajua kamwe kwamba nusu ya darasa ilihitaji ile futi.

Au chukua hili: tatu hasi, toa tano. Naandika majibu manne ubaoni, A ni 8, B ni 8 hasi, C ni 2, D ni 2 hasi. Jibu sahihi ni B, lakini mimi natazama zaidi wanaochagua A, kwa sababu hao wamebeba kanuni ya kuzidisha, kwamba hasi na hasi huwa chanya, wakaileta kwenye kutoa ambako haihusiki. Anayechagua C ametoa 3 kwenye 5 na kuzisahau alama. Anayechagua D anajua kwamba jibu ni hasi lakini hajaelewa aelekee upande gani wa mstari wa namba. Makundi hayo matatu hayahitaji maelezo yaleyale. Kuwarudia wote kwa mfano uleule, kwa sauti ya juu zaidi, ndiyo dawa tunayoitumia mara nyingi zaidi, na ndiyo isiyotibu kitu.

Namna ya kuyaona majibu 90 kwa mara moja haihitaji umeme wala kompyuta. Wanafunzi wanafikiri kimya, kisha nikihesabu hadi tatu kila mmoja anaweka vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Vidole viwe kifuani, visiinuliwe juu, ili wa nyuma wasiige wa mbele. Kwa dakika moja nimelisoma darasa zima. Pale ambapo nataka kuona hatua na si jibu pekee, tunatumia vibao: vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwa seremala, vimepakwa rangi nyeusi ya ubao, na chaki iliyovunjika ambayo vinginevyo ingetupwa. Kila dawati lina kibao chake. Wageni wanaotutembelea huona ni umaskini wa vifaa; mimi naona ni kifaa bora kuliko daftari, kwa sababu kosa la kwenye kibao linafutika kwa kiganja na halibaki kumsuta mwanafunzi, naye hujaribu kwa ujasiri zaidi.

Baada ya kuona, lazima kuamua, na hapa ndipo mbinu nyingi huishia kuwa maonyesho. Karibu wote wakipata, tunaendelea. Wakikosa wengi, tatizo ni la somo langu. Naliacha lile nililopanga na kulieleza upya kwa njia nyingine. Lakini darasa likigawanyika, karibu nusu wamepata na nusu wamekosa, hilo ndilo tukio lenye thamani kubwa kuliko yote katika kipindi cha dakika 40, nami sisemi jibu sahihi ni lipi. Nawaambia kila mmoja amgeukie jirani mwenye jibu tofauti amshawishi. Baada ya dakika mbili wanapiga vidole tena. Mara nyingi idadi ya waliopata hupanda kabla mimi sijafungua mdomo, kwa kuwa mwanafunzi aliyeelewa jambo jana bado anakumbuka alipokwama, ilhali mimi nimesahau miaka mingi iliyopita kwamba hapo palikuwa na ugumu.

Lipo pia suala la ukimya. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu kabla hawajajibu wenyewe, kumpa mwingine nafasi au kuuliza swali jingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliosema "sijui" walipungua, na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito walianza kujibu. Sekunde tatu ni ndefu kuliko zinavyosikika. Katika darasa letu zinahitaji kuwa ndefu zaidi, kwa sababu mwanafunzi analisikia swali kwa Kiingereza, analigeuza kwa Kiswahili kichwani, analijibu, kisha anatafuta maneno ya kulirudisha. Mwalimu asiyestahimili ukimya huo atafundishana na wanafunzi watano walewale wa mbele mwaka mzima, na mwisho wa mwaka atashangaa kwa nini wastani wa mkondo haukupanda.

Ndiyo maana sichagui tena mikono iliyonyooshwa. Majina yote ya mkondo yako kwenye vikaratasi ndani ya kopo. Swali linaulizwa kwanza, ukimya unafuata, kisha kikaratasi kinatolewa. Utaratibu ni huo na haubadiliki, kwa sababu jina likitangulia swali, wengine 89 hupumzika. Anayeitwa akikosa jibu hasimamishwi mpaka kipindi kiishe. Anaruhusiwa kusema amefika wapi, mwingine anaendeleza, kisha narudi kwake amalizie. Wanafunzi wa kike ndio waliobadilika zaidi baada ya kuanza kutumia kopo. Wengi wao walikuwa na majibu siku zote. Walichokosa ni sababu ya kuyasema ambayo isingeonekana kuwa kujionyesha.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Haiwezekani kuyaona makosa ya mwanafunzi anayechapwa kwa kukosa. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, si zaidi ya vinne, na mamlaka ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kujumlisha sehemu vibaya si kosa la nidhamu kwa tafsiri yoyote ile. Lakini niache sheria kando nizungumzie ufundi: mwanafunzi anayeogopa fimbo hunakili kwa jirani, nami nikilitazama daftari lake naona jibu sahihi na kuamini uongo. Fimbo inaficha hasa kile ninachokitafuta. Kicheko cha wenzake kinafanya hivyohivyo, hivyo kanuni ya kwanza katika darasa langu, inayoandikwa mwezi Januari na kukaa ukutani mwaka mzima, ni kwamba haruhusiwi mtu kumcheka aliyejaribu.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi, maana mjadala wake ni mrefu na hauishii darasani. Mtihani wa mwanafunzi wangu utakuwa kwa Kiingereza, na kumnyima Kiingereza hicho ni kumdhulumu. Lakini kumkataza kufikiri kwa lugha anayoijua ni kumdhulumu vilevile. Wanapojadiliana wawiliwawili wanazungumza Kiswahili bila kuombana radhi. Wanapoandika kwenye kibao na wanapojibu mbele ya darasa, tunajenga sentensi ya Kiingereza pamoja, na ninaacha mwanzo wa sentensi ubaoni ili mwenye maneno machache apate pa kushika. Maneno ya shule ya msingi, kama vile kiasi na asili za sehemu, mzingo, eneo, na kigawe kidogo cha shirika, yanaandikwa upande mmoja wa karatasi ya manila, na ya Kiingereza upande wa pili. Mwanafunzi anagundua kwamba nusu ya mada inayomtisha aliisoma darasa la tano.

Sasa niingie kwenye mifano, kwa sababu ndipo Hisabati yetu inapopoteza watoto wengi zaidi. Desturi yetu ni mwalimu kufanya mfano mmoja ubaoni, kisha kutoa zoezi la maswali kumi. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, wakitumia aljebra, kwamba mwanafunzi anayeanza mada hujifunza vizuri zaidi akisoma mifano iliyokamilika kwa zamu na maswali yanayofanana nayo kuliko akiachwa ajitafutie njia katika maswali tupu. Sababu yake inaeleweka: akili ya anayeanza inabeba mambo machache kwa wakati mmoja, na ikitumika yote kutafuta njia haibaki nafasi ya kuiona njia yenyewe. Kwa hiyo naandika mfano wa mlinganyo ukiwa na hatua zote, na pembeni mwa kila hatua sababu yake. Mfano wa pili unakosa hatua ya mwisho, nao wanaijaza. Wa tatu unakosa hatua mbili. Wa nne una swali tu. Kufikia hapo wengi wanatembea wenyewe, na wasioweza nimeshawaona ni hatua gani iliyowaangusha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wenye kosa. Naandika ubaoni kazi ya mwanafunzi wa kubuni: nusu jumlisha theluthi moja ni mbili ya tano. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hatua zake ni nadhifu, na amepigia mstari jibu. Siwaambii kuna kosa wapi. Nawauliza tu: ulikuwa na nusu ya chapati, ukaongezewa theluthi, sasa una mbili ya tano, je, mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo? Darasa linanyamaza, halafu mnong'ono unaanzia nyuma. Mtu ameongezewa chakula na kikapungua. Kuanzia hapo kigawe kidogo cha shirika hakiwi tena kanuni iliyoshushwa kutoka juu. Kinakuwa njia ya kutoka katika upuuzi ambao wameuona kwa macho yao. Nao waliokuwa wakifanya kosa hilohilo kimyakimya wamelirekebisha bila kutajwa jina.

Mtu anaweza kuuliza zilipo njia shirikishi katika haya yote, maana tangu mtaala wa 2005 ulipoanza kusisitiza umahiri, kila andalio la somo linadai ushirikishaji. Nazikubali, ila sikubali tafsiri yake iliyozoeleka. Wanafunzi kumi wamezunguka karatasi moja ya manila, mwenye mwandiko mzuri anaandika, mwenye akili nyepesi anamsomea, na wanane waliobaki wanatazama dirishani. Mgeni akipita anaona darasa shirikishi. Kazi ya vikundi ina maana pale tu ambapo haiwezi kukamilika bila kila mmoja. Vikundi vyangu ni vya watu watatu, dawati lilivyo, na kila mmoja ana swali lake lenye namba tofauti. Mwishoni majibu matatu yanajumlishwa, na nikiona jumla si sahihi nawarudishia watafute ni la nani lililokosea. Hapo hakuna pa kujificha, na mwenye nguvu analazimika kumsaidia mwenzake kuelewa badala ya kumfanyia.

Dakika tano za mwanzo wa kipindi ni za kukumbuka. Maswali manne yanawasubiri ubaoni wanapoingia: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na moja la shule ya msingi. Madaftari yanakaa yamefungwa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua: waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kuyakumbuka bila kuyatazama waliwashinda. Wanafunzi wetu hujisomea kwa kurudia notisi mpaka waziimbe, na usiku wa kuamkia mtihani njia hiyo inawapa matumaini ambayo asubuhi haiyathibitishi. Maswali yale manne hayana alama, hayaandikwi popote; wanasahihishana wenyewe. Yangekuwa na alama, wangeanza kunakili, nami ningekuwa nimeirudisha ile fomu kwa mlango wa nyuma.

Mzigo wa kusahihisha ndio sababu inayotolewa mara nyingi dhidi ya haya yote, na ni sababu ya haki. Madaftari 90 kwa dakika mbili kila moja ni saa tatu, kwa mkondo mmoja, kwa zoezi moja. Hakuna anayeweza, na anayedai anaweza huwa anaweka alama za vyema bila kusoma. Mimi nachukua madaftari kumi kwa kipindi, kutoka madawati tofauti, nayasoma kwa makini, na kuandika kwenye shajara yangu makosa mawili yanayojirudia. Kipindi kinachofuata kinaanza na makosa hayo mawili kwa darasa zima. Mkaguzi wa zamani angeona vyema zimepungua kwenye madaftari. Wathibiti ubora wa siku hizi, kwa uzoefu wangu, wakionyeshwa shajara wanaelewa.

Lakini kuna shinikizo moja lisilo na jibu jepesi, nalo ni kumaliza mada. Upimaji wa kidato cha pili uko palepale, azimio la kazi linahesabu wiki, na kila nikisimama kuifundisha upya mada ya sehemu kwa waliotoka darasa la saba bila kuielewa, najua kuna mada ya mwezi Oktoba itakayobanwa. Nimeamua kulipa gharama hiyo mwanzoni mwa mwaka. Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi wanaolifaulu mtihani wa kidato cha nne hawajafika hata nusu ya watahiniwa, na sioni namna tutakavyotoka hapo kwa kukimbia juu ya msingi ambao haupo. Aljebra ya kidato cha pili inadai sehemu na namba hasi kila mstari. Wiki mbili zilizotumika huko Februari zinarudi zenyewe kufikia Julai. Mwalimu wa taaluma na mimi hatujaafikiana kikamilifu kuhusu hesabu hiyo, na huenda hatutaafikiana.

Kilichonisaidia kuliko semina yoyote ni kuwa na wenzangu wa kuzungumza nao kuhusu majibu ya wanafunzi. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unataka kila shule iwe na jumuiya ya ujifunzaji, na jumuiya hizo zinaweza kugeuka vikao vya matangazo zisipoangaliwa. Sisi walimu wa Hisabati na Sayansi tumekubaliana kwamba kila anayekuja anakuja na swali moja aliloliuliza darasani na hesabu ya walioangukia kila jibu. Hakuna wasilisho wala chai maalumu. Tunalijadili jibu lisilo sahihi lililopata watu wengi zaidi: mtoto alifikiri nini, na tungemwonyesha nini.

Swali la wiki hii ni la mstatili wenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, nalo linauliza eneo lake. Yamewekwa majibu matatu, 13, 26 na 40. Aliyechagua 13 amejumlisha namba alizoziona, na pengine hakuisoma michoro kabisa. Aliyechagua 26 anajua mengi zaidi: amezunguka mstatili vizuri, amehesabu pande zote nne, ila amejibu swali la mzingo. Ukilijaribu katika mkondo wako, wahesabu kwanza hao wa 26, kisha uwape kamba na miraba iliyokatwa kwenye boksi waipange juu ya dawati kabla hujawatajia kanuni yoyote. Na waliopata 40 waulize kipimo chake, kwa sababu wengi wao wataandika mita bila mraba.